Mvumilivu Hula Mbivu, Lakini Mgonjwa wa Saratani Apewe Dawa

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Nilipokuwa Kidato cha Pili tulipewa insha ya methali "Mvumilivu hula mbivu", nami nikapata alama 17 kwa 20. Mwalimu alinipongeza mbele ya darasa zima, na insha yangu ikabandikwa ukutani. Nilikuwa nimesimulia habari za mgonjwa aliyevumilia maumivu makali bila kulalamika, hadi siku moja akapona, akala mbivu zake. Mgonjwa yule nilimbuni tu kichwani. Sikuwa nimewahi kukaa karibu na mtu mwenye maumivu ya kweli, yale ya kumfanya mtu mzima aume kitambaa ili watoto wasimsikie akilia. Mwaka huo huo, likizo ya Desemba, nilikaa naye. Tangu hapo siwezi kuisoma insha ile bila kuona haya.

Rai yangu leo ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Kumwambia mgonjwa wa saratani avumilie maumivu, ilhali dawa ya kuyatuliza ipo, ni ukatili, hata tukisema kwa sauti ya upole. Najua wengi mtanipinga. Nawaomba mnisikilize kwanza.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, akapewa na dawa kali za kuua saratani, lakini ugonjwa ukaenea hadi kwenye mifupa ya mgongo. Madaktari walimweleza mama na mjomba wazi wazi kwamba sasa hautapona, ila yako mambo ya kumsaidia aishi siku zake zilizobaki bila mateso. Wakampa chupa ya dawa ya maji iitwayo mofini, pamoja na karatasi ya maelezo.

Nilipofika nyumbani kutoka shule, niliikuta ile chupa juu ya kabati, imejaa pomoni. Ilikuwa imekaa hapo siku tisa. Nyanya alikuwa akipewa tembe za kawaida tu, zile tunazomeza sisi kichwa kikituuma. Akilala chali analia, akilala ubavu analia. Usiku alikuwa akiuma pindo la leso yake. Majirani walikuja kumwona, wakaketi kwenye mkeka, wakasema, "Pole, mama. Vumilia. Mungu yupo." Kisha wakanywa chai, wakaenda zao.

Nikamwuliza mjomba, "Mjomba, mbona nyanya hapewi ile dawa?"

"Ile ni dawa ya kulevya," akanijibu. "Tena watu wanasema ukiona mtu amepewa hiyo, jua ameshaandikiwa kufa. Wewe msomi wetu, hebu niambie, si mmefundishwa mambo haya huko shuleni?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye aibu yangu. Tulikuwa tumefundishwa kweli. Muhula ule alikuja mgeni kutuzungumzia madhara ya dawa za kulevya, akaandika orodha ubaoni: bangi, kokeni, heroini, mofini. Niliinakili yote daftarini. Kwa hivyo nikajibu kwa kujiamini, kama mtu anayejibu swali la mtihani, "Ndiyo, mjomba. Mofini imo kwenye orodha." Mjomba akatikisa kichwa. Chupa ikabaki pale pale juu ya kabati, na nyanya akakaa na maumivu yale siku nne zaidi. Zile tisa za kwanza sikuwapo. Hizi nne ni zangu, simlaumu mtu mwingine.

Siku ya tano alikuja muuguzi wa hospisi, mama mmoja mnene mwenye mkoba mzito, aliyetembea kwa miguu kutoka barabara kuu. Alimsalimu nyanya, akaketi kitandani, akamwonyesha mkono wake. "Mama, ngumi hii ikifungwa ni kusema hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyo na kifani. Yako ni vidole vingapi?" Nyanya akainua vitano. Kisha, polepole, akainua na mkono wa pili.

Muuguzi yule hakutugombeza. Aliishusha chupa, akamgeukia mjomba. "Baba, wewe jino likikuuma unafanyaje?"

"Naenda kung'olewa."

"Basi huyu hana jino la kung'oa. Dawa yake ndiyo hii."

Akatufundisha. Dawa inywewe kwa saa, maumivu yasingojewe yarudi ndipo tukimbilie chupa. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku apewe kipimo maradufu, kama daktari alivyoandika, kimpitishe hadi asubuhi. Dawa ipimwe kwa bomba lisilo na sindano, kwa kiasi kilichoandikwa, wala si kwa kukisia na kijiko. Akatuachia pia dawa ya kulainisha choo, akasema mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hivyo hiyo ya pili tusiisahau hata siku moja. Akatutahadharisha kwamba siku mbili tatu za kwanza huenda nyanya akasinzia sana au akahisi kichefuchefu, lakini mambo hayo kwa kawaida hupungua. Akauliza nani mwenye saa. Nikasema mimi. "Basi wewe ndiwe daktari wa zamu," akaniambia. Loo! Mimi niliyeisomea mofini hukumu ya kifo, ndiye niliyekabidhiwa saa.

Usiku ule nyanya alilala. Tulikuwa hatujamwona akilala hivyo kwa wiki nyingi, mjomba akaketi mlangoni, akawa kila mara anaingia kusikiliza kama anapumua. Siku ya tatu asubuhi nilisikia sauti kutoka chumbani: "Mume wangu, kwani wataka nife njaa? Uji u wapi?" Wasomaji wenye nyanya wanajua utani huo. Nilikimbia jikoni huku machozi yakinitoka.

Nyanya aliishi wiki saba. Mimi niliporudi shuleni, mama alichukua zamu ya saa. Katika wiki hizo aliketi uani chini ya mwembe akichambua maharagwe. Aliitana na dada yake ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi kwa sababu ya shamba, wakalia pamoja, wakasameheana. Aligawa leso zake. Alituambia azikwe wapi na wimbo gani uimbwe. Mofini haikumponya, wala haikumuua. Saratani ndiyo iliyomuua. Mofini ilimrudishia wiki saba ambazo maumivu yalikuwa yamekwisha kumnyang'anya.

Sasa tuyatazame yale yanayotutia hofu, moja baada ya jingine.

Hofu ya kwanza ni uraibu. Ni kweli kwamba mofini hutokana na afyuni, ile ya mmea wa popi, na mfamasia Mjerumani aitwaye Friedrich Sertürner ndiye aliyeitenga mwanzoni mwa karne ya 19. Ni kweli pia kwamba heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Mwenzangu wa Mombasa au Malindi aliyeona vijana wakisinzia vichochoroni kwa ajili ya unga hawezi kuambiwa kwamba hofu hii ni upuzi. Lakini mraibu hutafuta dawa ili apate kuikimbia dunia. Nyanya alipewa dawa akairudia dunia, akaomba uji. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ya maumivu, ni nadra kuwa mraibu. Mwili wake huizoea, ndiyo, na kwa hivyo haifai kuikatiza ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo ikiwa haihitajiki tena. Kuzoea huko si uraibu.

Hofu ya pili ni kwamba mofini huharakisha kifo. Hofu hii imetokana na jinsi tunavyoitumia. Tunaificha dawa hadi saa ya mwisho, mgonjwa anapewa leo, anafariki kesho, halafu tunasema, "Mnaona? Ile dawa imemmaliza." Ni sawa na kumlaumu padri aliyeitwa kumwombea maiti. Ikianzishwa kwa kiasi kidogo, ikaongezwa taratibu kulingana na maumivu, mofini hutuliza bila kuzuia pumzi. Ni kweli kwamba kuizidisha ovyo ni hatari, lakini hata dawa ya malaria ukiimeza chupa nzima itakudhuru. Ndiyo maana ya karatasi ya maelezo, na ndiyo maana ya bomba la kupimia.

Hofu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu imevaa vazi la heshima. Hii ni imani kwamba maumivu ni mtihani wa Mungu, na mwanamume kamili au mama shupavu hapigi kelele. Mimi ni mtoto wa dini na sikusudii kumkosea mtu. Ila najiuliza, mbona mtihani huo tunawapa wengine tu? Sisi meno yakituuma tunaenda kung'olewa, tena tunadai sindano ya ganzi. Sijawahi kusikia mhubiri akimkemea daktari wa meno. Mgonjwa akitaka kuvumilia kwa hiari yake, huo ni uamuzi wake. Kumvumilishia kwa nguvu ni jambo jingine kabisa. Methali yenyewe inasema mvumilivu hula mbivu, na huyu wetu mbivu zake ni zipi? Saratani yake haitapona. Mbivu pekee zilizobaki ni zile siku chache, na maumivu ndiyo yanayozila.

Wala msidhani haya ni maneno ya mwanafunzi aliyefiwa tu. Mwaka 1967 Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake. Yamo pia moyoni, rohoni, na katika mambo ya jamaa na fedha. Yote huungana yakawa mzigo mmoja. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka nyanya na dada yake. Kumbe ule ugomvi wa shamba nao ulikuwa ukimuuma! Lakini hangeweza kuutatua huku ameuma pindo la leso. Maumivu ya mwili hutulizwa kwanza, ndipo mtu apate nafasi ya kuyashughulikia yale mengine.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliolinganisha dawa za maumivu ya saratani na ngazi ya vipago vitatu. Maumivu madogo, dawa kama parasetamo au aspirini. Yakizidi, kodeini. Yakiwa makali, mofini. Dawa inywewe kwa mdomo inapowezekana, na inywewe kwa saa. Mwongozo mpya wa mwaka 2018 ulieleza kwamba ngazi hiyo ni ya kuonyesha njia tu, kila mgonjwa apimwe kivyake, na mwenye maumivu makali asilazimishwe kuanzia kipago cha chini. Kuna na wasaidizi wa mofini: tiba ya mionzi kwa maumivu ya mifupa, na dawa nyingine kwa yale ya mishipa ya fahamu yanayochoma kama moto. Utunzaji huu wote, wa dawa na wa moyo, ndio uitwao huduma shufaa.

Hapa kwetu Kenya, Hospisi ya Nairobi ilianza kazi mwaka 1990. Leo zipo hospisi pia Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu, Mombasa na kwingineko, na hospitali kadhaa za serikali zina vitengo vya huduma hii. Hata hivyo safari ni ndefu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini, ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tumepiga hatua tangu hapo, na mwaka 2021 serikali ikapata sera ya huduma shufaa ya kufikia mwaka 2030. Lakini sera haimezwi. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2022 ni kwamba Wakenya 44,726 walipatikana na saratani mwaka huo, na 29,317 wakafariki kwayo. Nawaza ni wangapi kati ya hao waliouma leso.

Mtu ataniambia nchi yetu ni maskini. Basi tutazame kwa jirani. Uganda si tajiri kutushinda. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na mofini ikawa inachanganywa humo nchini: unga wa mofini, maji safi, dawa ya kuzuia isiharibike, na rangi ya kutofautisha nguvu ya kila chupa. Ni dawa ya bei nafuu, na mgonjwa huipata bure. Mwaka 2004 sheria ya huko ilirekebishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika, kwa sababu daktari yuko mbali na mgonjwa yuko kijijini. Kwa hivyo fedha si kisingizio tosha.

Kisingizio cha sheria nacho tukipime. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaadhibu biashara haramu, nami naiunga mkono. Huko Marekani dawa za jamii hii ziligawiwa ovyo kwa kila aliyeumwa na mgongo, na maelfu wakaangamia. Hilo ni funzo. Chupa ifungiwe mahali salama, hesabu iandikwe, itakayobaki mgonjwa akifariki irudishwe hospitalini. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mofini kwa matibabu. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu. Wengine wanazama katika dawa, wengine wanakufa kwa kiu yake. Tiba ya wanaozama si kuwanyima maji wenye kiu.

Basi tufanyeje? Ninayo mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wanaokuja shuleni kutuhubiria juu ya dawa za kulevya waendelee kuja, tunawahitaji. Ila watakapoandika "mofini" ubaoni, waongeze sentensi moja: mikononi mwa daktari, hii ni dawa ya mgonjwa mwenye maumivu makali. Sentensi hiyo moja ingemwokolea nyanya yangu siku nne.

Pili, mwanafunzi mwenzangu, nyumbani kwenu wewe ndiye msomaji wa karatasi za hospitali. Zisome. Usijibu kwa kukisia, kama nilivyofanya mimi. Usipojua, sema hujui, kisha umwulize muuguzi. Shika saa. Hiyo ni huduma ambayo hata mtoto wa darasa la nane anaiweza.

Tatu, kaunti zetu zihakikishe kwamba mofini ya kunywa haikosekani katika hospitali za wilaya tulizozizoea, zile zinazoitwa sasa za kiwango cha nne, na kwamba muuguzi wa kwenda vijijini anapewa usafiri. Yule mama aliyekuja kwetu kwa miguu angeweza kuona wagonjwa watatu zaidi siku ile.

Nne, majirani na waumini wenzangu, endeleeni kuja kuketi kwenye mkeka. Mje na maombi, mje na sukari. Ila kabla ya kusema "vumilia", ulizeni kwanza, "Amekunywa dawa yake ya saa nane?"

Mwalimu akinipa ile insha tena leo, sijui kama nitapata 17. Mgonjwa wangu safari hii hataponea kwenye ukurasa wa mwisho. Atakuwa na saratani ile ile, naye atakufa. Lakini kabla ya hapo ataketi chini ya mwembe, atachambua maharagwe, na atamwita mjukuu wake amletee uji.